Taa wa Firdausi

Stendi ya Kasulu siku ya soko, hata kukohoa mtu anakosa nafasi. Firdausi, muuza vitenge wa hapo mjini, ndiyo kwanza ashuke na ndoo yake, dera la zambarau limemlowa mpaka magotini. Kijana mmoja fundi pikipiki akafunua kifuniko aone kuna nini. Ndani alilala samaki taa wa kufugwa, wale wa maji baridi, bapa kama chapati. Kijana akapeleka mkono, Firdausi akaudaka.

"Ana mwiba mkiani huyo, kaka. Ukimgusa, leo spana utazishika kwa meno."

Ndivyo Firdausi alivyomjua kijana huyo, Saady wa Kibondo, na mkono wenyewe, tuseme kweli, alichelewa kuuachia. Ikafuata miezi sita ya simu za asubuhi kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, malkia wangu?", na jioni za kukaa nyuma ya duka lake mbele ya tangi la kioo la huyo taa. Firdausi akamfundisha: taa hashikwi kwa wavu, mwiba hunasa, hutekwa kwa beseni. Maji ya bomba yalale kwanza pipani, dawa ya kuyasafisha iishe. Akikuchoma, mkono kwenye maji ya moto unayoyaweza, kisha hospitali.

Neno ndoa, Saady hakulitamka hata siku moja.

Basi shangazi Mwanaamina akapiga simu kutoka Kibondo. Kuna mposaji, na wazee wake wanafuata jibu Ijumaa. Firdausi akamweleza Saady. Saady akainama, akasema tu kwamba atamwangalia samaki. Firdausi akamwachia ufunguo, akaenda Kibondo roho juu.

Ijumaa asubuhi akampigia. Hapatikani. Akapiga mara tisa. Shangazi, akichagua mchele, akasema mwanamume anayekutaka hazimi simu siku kama hii. Firdausi akawaza kuna mwanamke, akawaza samaki kafa, akawaza yote mawili. Kabla wageni hawajafika, akapanda gari la Kasulu bila kuaga.

Alimkuta Saady kando ya tangi, mkono wa kulia umevimba vibaya. Kwa wa kushoto alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kwani umeme ulikatika tangu alfajiri na pampu ya hewa ilizima. Akaeleza bila kumtazama: kwao maji yaliyolala hapewi mgeni, basi akamtilia samaki ya bomba, mapya. Samaki akaanza kuhema. Kwa kihoro akashika wavu, mwiba ukanasa, akaunasua kwa mkono, ukamchoma, na simu ikatumbukia majini. Mwishowe akamteka samaki kwa beseni, akajaza tangi maji ya mvua, akamrudisha.

"Na hospitali?"

"Nilitia mkono maji ya moto. Ningekwenda, nani angemtilia hewa?"

Firdausi alikuja na matusi yake tayari, yakamwishia yote. Akalia, akamwita jirani ashike kikombe, akamvuta Saady mlangoni waende hospitali. Hapo simu ya Firdausi ikaita. Shangazi: wageni wamekaa, jibu liko wapi?

"Waambie wale washibe, warudi salama. Nina mchumba."

"Kakuposa lini?"

"Bado," Firdausi alisema, akampa Saady simu.

Saady akaipokea kwa mkono wa kushoto. "Shikamoo, shangazi. Naitwa Saady. Namwomba Firdausi."