Milioni Moja na Moja

Mkeka wa sebuleni ulikuwa umelowa tena, na Kolwezi haijaona mvua tangu Aprili. Djafari aliuinua. Chini yake palikuwa na saruji aliyoimwaga mwenyewe, kuziba shimo alilochimba ndani ya nyumba akitafuta madini ya kobalti, kama walivyofanya majirani wote. Tamaa mbaya, jamani. Shimo hilo ndilo lililommeza binti yake Nuru.

Saruji ikaongea.

"Papa, million moya na moya, ni nombre premier? Ao iko kitu inaigawanya?"

Sauti ya Nuru hasa. Na swali lilelile la namba tasa, isiyogawanyika, alilomuuliza baba yake akipanda lori kwenda Dilolo. "Ntakujibu nikirudi," alimwambia. Aliporudi alikuta uani pamejaa watu wanalia.

Mkewe, Safi, alilala kifudifudi, sikio sakafuni. Hali chakula, hatoki, mifupa imeanza kuhesabika. "Mutoto wangu yuko humu," alinong'ona. "Usimufukuze."

Djafari akamleta Mwalimu Musafiri wa madrasa. Naye aliponusa harufu ya udongo mbichi ikitoka chini ya saruji akawatoa nje hadi uani, saruji isisikie.

"Ni jini, imevaa sauti tu. Itamumaliza mama. Nuru alikuwa na tabia gani yenye jini haijue?"

Safi akajibu kwa shingo upande. Nuru hakuuliza namba asiyoijua. Ukikosea, alicheka mpaka akakaa chini. Hii alishaipasua mbele ya mama yake wakisonga bukari, ugali wao: si shufwa, inasomeka sawa mbele na nyuma, ukiitazama utaapa kwamba haigawanyiki. Kumbe mia moja na moja inaigawanya, mara elfu tisa mia tisa na moja.

"Basi mujibu vibaya," alisema Mwalimu. "Na jibu ya kweli isiingie mu nyumba, jini itaisikia."

Djafari akarudi ndani akapiga magoti, na ile harufu ikapanda, ikamjaa puani na kooni, na chini ya saruji kitu kikawa kinakwaruza taratibu kama kucha za mtoto, kikimsogelea, kikimsogelea, hata akasahau dua zote alizofundishwa akabaki na neno moja.

"Ni premier."

"Ndiyo, papa," ikajibu upesi. "Hakuna kitu inaigawanya."

Safi alipiga ukunga. Hakuwa mwanawe. Mwalimu akasoma, harufu ikatoka, mkeka ukakauka. Jioni Safi alikula.

Djafari alibaki peke yake na lile deni la jibu, na uchungu ukamzidi. Akainamia saruji. "Nuru, mama, unisamehe. Ni mia moya na moya, mara elfu tisa mia tisa na moya. Ningekosa ungenicheka mpaka ukae chini."

Kesho yake mchana mkeka ulilowa. Swali likaja lilelile.

"Ni premier," Djafari alisema.

Chini ya saruji mtoto akaangua kicheko, kicheko chenyewe cha Nuru. "Papa, umekosa! Mia moya na moya inaigawanya!"

Safi aliiacha sahani ya bukari ikaanguka. Akalala chini, akaweka sikio sakafuni, anatabasamu.