Kwete ya Mzee Andama

Kila asubuhi Kiden alifagia uwanja, akateka maji, kisha akampikia baba yake uji wa muhogo. Mkate haukuingia nyumba ile. Daktari wa Arua alisema wazi kwamba ngano na shayiri zinamla Mzee Andama utumbo, na asipoziacha zitamzika. Tangu warudi Koboko kutoka ukimbizini Zaire, alikuwa amekonda hata shati lilimning'inia kama limeanikwa.

Siku hiyo walikuwa wanamaliza matanga ya kaka yake Mzee Andama. Kwao, ndugu wa marehemu hunywa kata ya kwanza ya pombe. Asipokunywa, msiba haujaisha.

"Bia ya chupa ni shayiri," baba alimwambia. "Nitafutie kwete, pombe yetu ya kienyeji. Lakini uliza, mwanangu. Siku hizi wanachanganya ngano ya msaada."

Kiden alianzia dukani kwa Asumani.

"Isiyo na shayiri?" Asumani akacheka. "Kwangu iko moja tu, maji."

Mama Laku, mpika pombe, naye alikiri kwamba chungu chake kilikuwa na ngano. Kiden alipofika kwa mpikaji mwingine, Mama Margarita, jua lilikuwa kali, wateja wamejazana, na mama mwenyewe anagombana na mlevi. Uvivu ukamnong'oneza: kwete ni mahindi na ulezi tangu zamani, utauliza nini? Akalipa, akajitwika mtungi.

"Umeuliza?" baba alimwuliza alipofika nyumbani.

"Nimeuliza, Baba."

Watu walipokusanyika, Mama Margarita alionja kwanza, kama wapikaji wote wafanyavyo kuonyesha kwamba hakuna sumu. Mzee Andama akainywa kata yake yote. Kabla jua halijatua, alikuwa amejikunja mkekani, anatapika, uso umekuwa wa majivu.

"Huyu mama ameweka sumu," alisema Lado, binamu yake Kiden. Vijana wakainuka na fimbo.

"Si nimeonja mbele yenu?"

"Ulikunywa dawa ya kuzuia sumu kabla ya kuja."

Fimbo ya kwanza ilimpata Mama Margarita begani. Kiden angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Mama Margarita," akasema, "uliweka ngano?"

"Niliweka, vikombe viwili. Nani aliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilimdanganya Baba."

Lado alitupa fimbo, wala hakuomba radhi. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, msiba haujafungwa, maana kata ya kwanza ilikuwa imetapikwa.

Wiki mbili baadaye, Mama Margarita alipika kwete ya mahindi na ulezi katika chungu kipya, Kiden akimsagia nafaka kwa mikono yake. Mzee Andama alikunywa kata ya kufunga msiba akiwa ameegemea ukuta, maana kusimama bado kulimshinda. Kisha akamwita binti yake.

"Tumbo langu nimelizoea," alisema. "Lakini mama wa watu angeuawa kwa sababu ya uongo wako. Kama hujauliza, sema hujauliza. Nitakugombeza, halafu utarudi kuuliza. Basi."