Nilimwombea Mume Wangu kwa Sauti

Rafiki yangu msomaji, nakuandikia kama mtu ninayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba na mtoto amelala ndani. Sura yako siijui. Lakini haya nitakayokuambia, hata dada yangu wa tumbo moja hajayasikia yote.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Subukia, na naishi hapa Nakuru, mtaa nitauficha. Nimeokoka tangu nikiwa msichana. Shule niliimalizia ukubwani, nikitoka kuuza mboga naenda madarasa ya jioni na wenzangu wa ngumbaru, kwa hivyo ukiona nimekosea herufi mahali, vumilia. Ukweli sitakosea.

Mume wangu, Baba Abi, ni mtu wa Olenguruone. Amezaliwa kwa baridi na ukungu, lakini kazi aliipata kwa moto. Alikuwa renja katika hifadhi moja ya wanyama, ukipita Marigat unaendelea tu, huko ambako mvua ni kitu cha kuhadithiwa. Hifadhi ni ya wenyeji, na ndani kuna kempu ya wageni matajiri. Wanakuja na ndege ndogo. Wanalala kwa hema iliyo na bafu ndani, na jioni wanatandikiwa meza na vitambaa vyeupe kwa mchanga wa mto uliokauka. Wanalipa sana ili watembezwe kwa miguu waone kifaru, renja mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mwanzoni nilicheka. Nikamuuliza, yaani mtu analipa ndio alale kwa hema, kwa hiyo vumbi? Sisi watu wa Subukia tungelipwa ndio tukubali.

"Cheka tu, Mama Abi," akaniambia. "Lakini hiyo hema ndiyo inasomesha Abigael."

Na ilikuwa kweli. Pesa ya wageni ndiyo ililipa marenja, ikachimbia watu wa huko kisima, ikajenga zahanati, na ikatoa basari ya karo kwa watoto, hata wa wafanyakazi. Msichana wetu alikuwa sekondari kwa hiyo basari. Wazee ambao zamani walimwona kifaru kama adui wa ng'ombe zao, sasa walikuwa wanamuulizia hali kama jamaa.

Kila Jumapili Baba Abi alipanda kilima kutafuta network anipigie. Hizo ndizo zilikuwa raha zangu. Ananiambia, leo mama mmoja mgeni amelia machozi kwa kuona jua likizama. "Nikamwambia, madam, usilie, hata kesho litazama." Nacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Mwaka fulani familia za wafanyakazi zilialikwa kutembea siku moja. Tulisimama mbali, upepo ukitupiga usoni ili mnyama asitunuse, na nikamwona. Kifaru mama, mkubwa kama jiwe la mlimani, na mtoto wake. Mtoto huyo Baba Abi ndiye alimpa jina, Cherop, kwa sababu alizaliwa siku mvua ilirudi baada ya kiangazi kirefu.

Cherop alikuwa anasukuma tumbo la mamake na pua akitaka maziwa. Mama akasonga hatua moja. Mtoto akalia. Rafiki, hungetarajia sauti hiyo kwa mnyama wa namna hiyo... Nyembamba, kama mtoto wa mtu aliyenyimwa titi. Nilijikuta nimeshika kifua changu.

Sasa sikiza vile mambo yaliharibika.

Ushirika wetu wa nyumbani ulikuwa Jumatano, na mara nyingi ulikuwa kwangu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ombi lisilo na anwani halifiki. Taja jina, taja mahali. Mwenye mgonjwa alikuwa anasema wadi na kitanda. Mwenye kijana wa kutafuta kazi alikuwa anasema ofisi gani, na iko gorofa ya ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu, na sitakudanganya, tuliona majibu.

Shida ni kwamba mimi sikuwa na anwani. Renja haruhusiwi kusema kifaru analala wapi, hata kwa bibi yake. Wageni wenyewe walikuwa wanaombwa wazime ile kitu ya simu inayoonyesha picha imepigwa wapi. Kila Jumapili nikiuliza, Baba Abi anasema, "Omba tu. Mungu ananijua." Mimi nakasirika. Wenzangu wanaombea waume wao wakiwa na maelezo yote, mimi naombea mtu kama aliyepotea. Nilimsumbua. Nilimwambia siku moja kwamba labda anaficha kitu kingine huko. Hilo lilimuuma, nilisikia.

Basi Jumapili moja akanipigia akiwa amechoka. Walikuwa wameona nyayo za viatu visivyo vya marenja, yaani majangili wako karibu. Kempu ilikuwa imejaa wageni, marenja wengi walikuwa wanawasindikiza, na kwa Cherop na mamake walibaki wawili tu, yeye na mwenzake. Akaniambia wanyama wamehamia silanga, lile bwawa la maji, ya upande wa mashariki, chini ya majabali mekundu.

"Nimekuambia sasa. Iwe yako na Mungu wako."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi... Hatimaye nilikuwa na kitu cha kupeleka.

Hapa nikutajie Dada Mercy, na jina hilo si lake. Huyo alikuwa mwenzangu wa maombi. Nilipopoteza mimba yangu ya mwisho, yeye ndiye alinifulia mashuka, akaniogesha kama mamangu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akileta makaa kutoka upande huo huo wa joto. Tulikuwa tunasema Mungu alituunganisha kwa sababu waume wetu wanakula vumbi moja.

Jumatano ikafika, sebule ikajaa. Ikafika zamu yangu. Nikasema yote. Silanga ya mashariki, majabali mekundu, wawili tu. Watu wakaguna kwa uchungu, wakasema Bwana ahurumie. Mercy akanishika mkono.

"Mama Abi, na hao wawili, huwa wanapumzika saa ngapi? Tuwafunike kwa maombi hayo masaa."

Nikamwambia vile Baba Abi alikuwa amenihadithia. Jua likichomoza huwa wanashuka kwa barabara kuchukua maji na chakula kinacholetwa na gari. Ni muda mfupi tu wanyama wanabaki peke yao.

"Tumewafunika," Mercy akasema. Sebule nzima ikasema amina. Tulilia siku hiyo, kila mtu. Nililala kama mtoto.

Wiki iliyofuata simu ililia asubuhi, na haikuwa Jumapili. Nilikuwa napanga sukuma kwa meza ya kuuzia mboga. Nikasema hello, hello... Ilikuwa namba ya Baba Abi, na nilichosikia ni ile sauti nyembamba. Inaanza, inakatika, inaanza tena.

"Wamemuua," akasema. "Wamekata pembe na shoka. Na huyu bado anatafuta maziwa."

Walikuja wakati ule wa kushukia maji. Baba Abi alinieleza baadaye kwamba alipanda jabali lililo juu yao ili apate network, na kwamba Cherop hakukubali kutoka kwa mwili wa mamake. Alikuwa anasukuma tumbo, anangoja, anasukuma tena. Baba Abi alimwekea maji kwa kofia yake, mtoto akakataa. Watu wa kumwokoa walifika na gari, wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakampakia. Alikufa njiani. Mume wangu alikuwa amekaa naye huko nyuma, mkono wake ukiwa kwa sikio la huyo mtoto.

Kuna uchungu zaidi ya huo? Kumbe ulikuwa ndio unaanza.

Hao watu walijua mahali na walijua saa. Na waliojua walikuwa wachache sana. Mwenzake alikuwa mwenyeji, babake ni mmoja wa wazee wa hifadhi. Mgeni alikuwa nani? Mume wangu. Polisi walimchukua kumhoji, na akawekwa ndani. Mtu aliyempa mtoto wa kifaru jina, wakasema amemuuza mamake.

Nilienda kumwona. Tulipewa benchi, askari akasimama karibu. Alikuwa amekonda usoni kama mtu aliyeugua.

"Mama Abi, niulize kitu moja tu. Uliambia mtu?"

"Sikuambia mtu."

"Hata mmoja?"

"Nakuapia. Niliambia Mungu peke yake."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulimwambia ukiwa wapi?"

Nikafungua mdomo nijibu... na nikaiona sebule yangu. Niliviona viti vya kuazima, vikombe vya chai, na ule mkono ulioshika mkono wangu. Msomaji, nilikuwa sidanganyi! Kabla ya hilo swali sikuwa nimejua kwamba kwa ile sebule kulikuwa na watu. Kwangu mimi kulikuwa na Mungu tu.

Nilitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Mercy. Nilimpata nje akifua. Hakusimama.

"Dada, ulimwambia nani?"

Akakamua shati, akalianika, akachukua lingine.

"Dada, nakuuliza."

"Baba watoto aliuliza tu mnaomba nini siku hizi," akasema. Halafu akaongeza, polepole, "Ni mnyama, Mama Abi. Nilijua ni mnyama tu. Nilimuuliza mara mbili kama kuna mtu ataumia, akasema hakuna. Ndio maana wakangoja watu washuke."

"Baba Abi amefungwa."

"Atatoka. Wewe omba."

Aliniambia nini? Niombe. Na alisema bila kejeli, vile tulikuwa tumezoea kuambiana. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka leo.

Viongozi wa ushirika waliniita. Waliniketisha vizuri, wakanipa chai. Wakasema dada amekosea, lakini si vizuri mkristo kumpeleka mkristo mwenzake polisi, haya mambo yabaki ndani. Mmoja akasema tusianike nguo zetu kwa barabara. Niliwaambia nimemsamehe Mercy, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimepiga magoti nikamsamehe kwa jina. Lakini mume wangu ako ndani, na msamaha wangu haufungui mlango huo. Chai yao niliiacha hapo.

Nikaenda kituoni nikasema yote. Na kwa sababu jina la mume wangu lilikuwa limechafuka kule hasa, nikapanda gari mpaka hifadhini, nikasimama mbele ya kamati. Walikuwa wazee na vijana, na mama mmoja aliyevaa shanga. Nikaeleza kila neno nililolisema kwa ushirika. Jasho lilinitoka mpaka kwa viatu.

Mzee mmoja akatema mate kando, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizito, "Mama, huyo Mungu wenu wa Nakuru haoni majabali mpaka aonyeshwe?"

Hakuna aliyecheka.

Baba Abi aliachiliwa. Mume wa Mercy alikuwa ameshatoroka, na Mercy naye akahama na watoto bila kuniaga. Kamati ikatangaza mbele ya watu kwamba mume wangu hakuuza mtu wala mnyama. Wakamsalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Halafu wakamwambia kwa upole kwamba hawawezi kumrudishia kazi, kwa sababu sheria ilikuwa hata bibi asijue. Alisema wako sawa. Yeye mwenyewe alisema wako sawa.

Wageni waliposikia, wengi wakafuta safari. Kulikuwa na wale waliokuja kila mwaka kumwona huyo kifaru. Hema zingine zikafungwa, zahanati ikabaki na nesi mmoja, na basari zikapunguzwa. Abigael alirudi nyumbani na sanduku lake. Anajua kwa nini. Hajawahi kuniuliza.

Mimi sauti ile haijaniacha. Naisikia kwa bawaba ya geti la jirani. Naisikia chai ikikaribia kuchemka. Kuna Jumapili mtoto mchanga alikuwa anabarikiwa kanisani, akalia, na nikatoka nje nikashikilia ukuta. Watu wakadhani nimejazwa na Roho...

Kuomba sijaacha. Nisikudanganye, mimi siwezi kuishi bila kuomba. Lakini sasa naombea chooni, au nikiwa nimejifunika shuka, bila sauti. Na kama kuna uhai wa mtu ndani ya ombi, sisemi jina wala mahali. Aliyeumba hayo majabali hahitaji nimwelekeze. Wewe mwenzangu, kama mumeo analinda kitu, iwe ni benki, ghala, mnyama au mtu, mwache akae na siri yake. Usimpime mapenzi kwa yale anayokuambia. Mimi nilimpima, na alinipenda akaniambia.

Siku hizi Baba Abi analinda ghala la ngano upande wa Mau Narok. Baridi ya kwao imemrudia. Anapiga Jumapili, hajawahi kukosa.

"Mko sawa?"

"Tuko sawa. Na wewe?"

"Niko sawa."

Namuuliza kama kazi ni nzuri, anasema ni nzuri. Namuuliza kama wako wengi, anasema wako. Wiki iliyopita nilimuuliza, kwani wewe unalala wapi huko na hiyo baridi?

"Huku tu," akasema. Sikuuliza ni wapi; tulibaki kila mtu na simu yake kwa sikio.

Rafiki yangu, usiyaweke haya kwa droo. Msomee mwenzako asiyejua kusoma. Na kama mna ushirika wa nyumbani, uwasomee kabla ya mtu wa kwanza kuinuka na kutoa ombi lake.