Mkono Uliofungwa Kitambaa

Haya yalimpata mjomba wangu, kaka yake mama, seremala mwenye masihara mengi na mkono wa kulia wenye nguvu kama jeki. Asubuhi hiyo alikuwa uani akipiga randa, bintiye akifagia maranda, aliposimama mlangoni bibi jirani, yule ambaye mtaa mzima ulimwamkia bila kumtazama usoni.

Bibi akamshika kiganja cha kulia kwa vidole vyenye kucha ndefu, nyeusi, akanong'ona, "Mkono huu utamuua mwanao."

"Huu? Hata kuku unaogopa kumchinja, bibi," mjomba akacheka.

Siku chache baadaye patasi ikamchomoka mkono huohuo. Ikajikita mlangoni, karibu na sikio la bintiye, ikawa inatikisika pale kwa muda mrefu mno.

Tangu hapo akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa. Wateja wakahamia kwingine. Mkewe akambembeleza weee, hakusikia. Binti, aliyekuwa karibu kumaliza shule, akamuuliza taratibu, "Baba, na siku nikiuhitaji?"

Mjomba akalikaza fundo la kitambaa.

Mvua zikaja, udongo kando ya kisima cha uani ukalainika. Binti aliinama kuvuta ndoo, ukingo ukameguka. Mjomba akasikia yowe, akakimbia, akamkuta ananing'inia, kashikilia tofali moja. Akamdaka kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa dhaifu. Ukaanza kuteleza.

"Baba, na ule mwingine."

Akaling'ata fundo, kitambaa kikaanguka. Akaunyoosha mkono. Vidole vyao vikakaribia kugusana.

Akamkumbuka bibi.

Akaurudisha nyuma ya mgongo. Wa kushoto ukaachia.

Msibani bibi alikuja, akaketi na wanawake. Mjomba akamwendea. "Ningempa mkono, angepona?"

"Nilikuambia utamuua," bibi akanong'ona. "Kumnyima mkono umechagua mwenyewe."

Mwaka uliofuata tukamzika mjomba pia.

Mama ndiye aliyemwosha yule binti, na hakuwahi kumwambia kaka yake alichokiona. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama za vidole, vya mtu aliyekuwa chini yake, akivuta. Kucha moja ilikuwa imebaki ndani ya nyama. Ndefu, nyeusi.

Mama aliichomoa, akaificha kwenye kikopo kabatini. Juzi alinifunulia niione.

Bado imelowa.