Picha ya Mifupa ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, mama yangu Riziki alikaanga maandazi mbele ya nyumba yetu Gitega, nchini Burundi, nami nikayapanga kwenye beseni. Mwaka ule alianza kukaanga akiwa ameketi. Kisha akaanza kusali kwenye kigoda, kwa sababu mgongo ulikataa kusujudu.

"Mama Nadia, swala ya kwenye kiti! We umekuwa malkia?" jirani yetu Raissa alimtania.

"Ni kinu, dada. Nilitwanga majani mengi ya sombe," mama akajibu, wakacheka wote wawili.

Hakikuwa kinu. Katika titi lake la kushoto kulikuwa na uvimbe, nao aliuficha kwa muda mrefu kwa sababu daktari wa karibu alikuwa mwanamume. Hata baba hakujua. Aliambiwa siku mama aliposhindwa kunyanyuka kutoka kwenye kigoda. Daktari alipompima alisema ni saratani, na kwamba lazima mifupa itazamwe ili ijulikane kama imefika huko. Mashine ya kazi hiyo ilikuwa Tanzania.

Shule zilikuwa zimefungwa. Baba alibaki na wadogo zangu, mimi na mama tukapitia Muyinga kumchukua mama mdogo Mwajuma, aliyewahi kuishi Tanzania. Tukavuka mpaka pale Kobero, na baada ya safari ndefu tukafika kwenye hospitali kubwa. Mtaalamu wa picha, kijana mpole aitwaye Zakaria, alimdunga mama sindano ya mshipa.

"Mama, dawa hii ina mionzi kidogo," alieleza. "Inakimbilia pale mfupa unapojijenga kwa kasi. Mfupa wenye ugonjwa hujijenga ovyo, kwa hiyo dawa hujaa hapo, na mashine huiona. Inayobaki hutoka na mkojo. Kunywa maji mengi, usubiri saa tatu hivi, ukojoe, ndipo tupige picha."

Mama mdogo alikuwa mjamzito, akaambiwa akae mbali. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, hivyo nikapewa glavu nimsaidie mama chooni.

Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, na mama hakuweza. Nilimshika mabega, akajaribu akiwa amesimama nusu. Mkojo ukateremka pajani na kulowesha kitenge upande wa kulia. Akakikunja, sehemu kavu ikawa nje.

"Usiambie mtu," akasema. "Mi ni mtu mzima."

Picha ilipomalizika, Zakaria aliikazia macho.

"Mgongoni naona madoa. Na kwenye nyonga ya kulia kuna doa kubwa. Mama, kuna mkojo uliogusa nguo? Ukigusa, huonekana kama ugonjwa."

"Hapana, mwanangu."

"Fikiri vizuri. Daktari akiona hivi atadhani nyonga imeliwa na inaweza kuvunjika. Atakukataza kukanyagia mguu huo."

"Nimesema hapana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alinitazama kwa lile jicho alilozoea kututupia mbele ya wageni, mmoja wetu akinyoosha mkono kuchukua andazi la pili. Lakini niliwaza safari ya kurudi, na mama akibebwa mgongoni kama mzigo.

"Ni mkojo," nikasema. "Ulimwagika chooni. Anaona haya."

"Nadia! Umenivua nguo mbele ya mwanamume!"

Zakaria hakucheka. "Mama, si ni mimi niliyekuambia ukojoe?"

Muuguzi wa kike alimwosha mama, akampa kanga safi, picha ikarudiwa. Nyonga ilikuwa safi. Nilipiga makofi, kisha nikaona ni mimi peke yangu ninayefurahi. Madoa ya mgongoni yalikuwa palepale.

Walimtibu mgongo kwa mionzi ya aina nyingine ili maumivu yapungue, na yalipungua. Alivuka Kobero kwa miguu yake mwenyewe, bila kunisemesha. Muyinga nguvu zikamwishia, tukakaa kwa mama mdogo. Wanawake wa mtaa walipokuja kumjulia hali pamoja na binti zao, aliniita niketi karibu naye.

"Mi nilikasirikia huyu mtoto njia yote," aliwaambia. "Kumbe alinisaidia. Lile doa la mkojo lilitoka na maji na sabuni. Hili nililoficha ndani ya nguo halitoki tena. Mkiona kitu mwilini, mseme mapema, hata kama daktari ni mwanamume. Haya imenikula mpaka mifupa."

Walipoondoka, binti mmoja alibaki nyuma, akamwomba mama mdogo amsindikize kwa daktari.

Mama alizikwa Muyinga mvua zilipoanza. Kitenge chake ninacho. Nilikifua mara moja tu, kikatakata.