Ukurasa Mtupu wa Kiota

Kila Alhamisi baada ya masomo, Chiriku ndiye aliyetangulia kufika katika chumba cha kompyuta. Aliziwasha mashine zote tano, akazifuta vumbi, kisha akawangoja wenzake akipiga soga na yeyote aliyepita dirishani. Ndiyo maana walimwita Chiriku. Lakini Alhamisi hii alikuwa kimya kama maji mtungini.

"Vipi leo, umemeza ulimi?" mwenzake waliyemwita Profesa akamtania.

"Niache bwana."

Klabu yao ya kompyuta iliunda programu ya kuazima vitabu vya maktaba ya shule, na sasa walihitaji jukwaa moja la kuiendeleza na kuihifadhi kwa pamoja. Yalikuwapo mawili, Mzinga na Kiota, yote ya programu huria: kila mtu huyatumia bila malipo na kuona yalivyoundwa. Mwalimu alimpa Chiriku wiki nzima ayajaribu. Mzinga ulimteka kwa rangi zake. Kiota alikifungua mara moja, akaona ukurasa wa kijivu, akakifunga. Hata hivyo, ripoti yake ilisema: "Nimeyajaribu yote mawili kwa makini. Mzinga ni bora."

Majukwaa hayo huweka kumbukumbu ya nani alifanya nini na saa ngapi, na yeyote anaweza kuisoma. Kumbukumbu ya Chiriku katika Kiota ilikuwa tupu. Je, mwalimu akiifungua?

Mwalimu aliingia pamoja na mkutubi, mama aliyekumbatia madaftari yake manne yaliyochakaa, aliyoandikia kila kitabu kilichoazimwa.

"Haya, wanangu. Leo tunahamisha kazi ya muhula mzima. Tukikosea, kuirudisha itakuwa kazi ya punda. Chiriku, tusomee."

Chiriku alisimama. Akayatazama yale madaftari, akaiweka ripoti mezani.

"Mwalimu, nisamehe. Kiota sikukijaribu. Nilidanganya."

"Heee!" wenzake wakaguna.

"Nyamazeni," mwalimu alisema. "Basi kijaribu sasa, sote tukiona. Mama, mtandao wa shule ukoje maktaba?"

"Ule? Huja unapopenda wenyewe. Jana haukupenda."

Mwalimu akachomoa waya wa mtandao. Mzinga ukaganda papo hapo, rangi zake zote zikiwaka bure. Chiriku akaandika jina la kitabu katika Kiota. Kikalihifadhi. Waya uliporudishwa, jina hilo likatokea kwenye mashine zote tano.

"Kumbe hicho cha kijivu ndicho kifanyacho kazi!" Profesa alishangaa.

"Mbona hata mimi nina mvi, na vitabu nawapeni?" mkutubi akajibu. Wote wakacheka, hata Chiriku, ingawa machozi yalimlengalenga.

Mwalimu hakucheka sana. "Kumbukumbu tupu ningeiona, lakini baada ya kuhama, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Anayeaminiwa kuwachagulia wenzake asisifu wala kukataa asichokipima. Umekosa, mwanangu, lakini umesema mapema, na hilo limetuokoa. Sasa keti uandike ripoti upya."

Chiriku akaketi. Katika ukurasa wa Kiota palikuwa na mstari mmoja tu, wenye jina lake na saa ya kweli.