Kihisi Kipya

Rafiki yangu mmoja, fundi wa vyombo vya umeme, aliletewa maikrowevu na mjane wa kaka yake.

"Shemeji, inaandika ina joto, na sijaiwasha tangu msiba. Silali. Isipopona, naitupa."

"Ukiitupa, kaka atafufuka anichape," fundi akacheka. "Ni kihisi joto tu kimekufa."

Akafunga kihisi kipya, akakiunganisha na mita yake inayotumia betri ili asome joto la ndani, kisha akafunga mlango wa maikrowevu, ambayo hata haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Mara umeme ukakatika mtaa mzima, feni ikanyamaza. Gizani, namba za mita zikapanda polepole, zikashuka, zikapanda tena.

Akamulika kioo cha mlango kwa tochi. Upande wa ndani palikuwa na doa la ukungu, upana wa kinywa cha mtu, likitanuka na kunywea pamoja na namba.